Masahihisho Kwenye Kioo cha Fundi Majira

Tarehe 2 Septemba 1993 kulikuwa na mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haikunyesha. Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Majira, aliagiza wasifu wake uanze na siku hiyo na wala si siku aliyozaliwa. Alisema mazishini watu husifiwa mpaka jamaa zao wenyewe hawawatambui, na yeye hakutaka kuzikwa kwa habari isiyo sahihi. Tumemtii. Hata hivyo, kwa ajili ya wageni ambao hawakumjua, tutaeleza kwanza maisha yake, ugonjwa wake na kifo chake. Siku hiyo tutaifikia mwishoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1938, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama aliyelima na kuuza mboga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kusema, ila alianza mapema kufungua vitu. Kufuli la sanduku la nguo alilifungua akiwa na miaka minne na kulifunga tena bila kubakiza kipande mkononi. Baba yake alimchapa kwa kufungua, kisha akamwita jirani aje aone alivyofunga.

Alianza shule mwaka 1946 na kumaliza darasa la nane mwaka 1953. Alipokuwa darasa la sita alipewa kazi ya kupiga kengele. Mwalimu mkuu alimkabidhi saa yake ya mfukoni kila asubuhi, na siku moja saa ile ikasimama bila yeye kujua. Shule nzima ikakaa kwenye hesabu mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaanza kulia njaa. Hakuna aliyemwadhibu. Lakini alituambia mara nyingi kwamba siku ile ndipo alipojua saa haitoshi, lazima kuwe na mahali pengine pa kuihakikishia.

Alitamani kuwa mwalimu, ila baba yake alifariki, naye akapelekwa kujifunza kazi kwa fundi saa mmoja mzee, mkali, mwenye mikono iliyotetemeka kila wakati isipokuwa alipokuwa kazini. Mwaka 1962 akafungua duka lake mwenyewe. Wengi wenu mnalijua: chumba kimoja chenye dirisha la kioo linalotazama barabara, kinyozi upande wa kulia, duka la madaftari upande wa kushoto. Ndani kulikuwa na meza yenye droo ndogo ndogo, saa za ukutani pande zote, na juu ya rafu, redio. Kila siku saa saba mchana redio ilipotoa ile milio yake ya kutangaza saa, marehemu aliinua mkono, na mteja aliyekuwa akiongea alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya kesi ya mke wake. Milio ikiisha, marehemu alisogeza mishale ya saa zilizokosea, kisha akasikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama. Mtaa mzima ulipata saa kutoka kwake, naye aliipata redioni.

Alikuwa na desturi moja ya mafundi saa wa zamani. Kila saa aliyoitengeneza aliichorea alama ndani ya kifuniko cha nyuma, mistari miwili na nukta, midogo isiyoonekana bila kile kioo wanachokibana jichoni. Hivyo saa ikirudi hata baada ya miaka mingi, alijua ilishapita mikononi mwake.

Tarehe 20 Novemba 1965 alimwoa mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule. Walijuana kwa sababu ya saa ya kengele. Mama aliileta ikiwa inalia ovyo, akarudishiwa, na baada ya siku chache ikaanza tena. Alipoileta mara ya tatu alikuja juu:

"Wewe fundi au mwizi? Hii saa inaniamsha saa sita mchana!"

Marehemu akainama mezani, akasema, "Skrubu moja nimekuwa nikiiacha imelegea, dada. Nikiikaza hutarudi."

Aliikaza siku ya harusi. Walipata watoto wanne, na mama alitutangulia mwaka 2015.

Marehemu alikuwa mtu wa msimamo wa zamani na hakuona sababu ya kuuficha. Alikipigia kura chama kilekile maisha yake yote. Mikutano ya wapinzani aliiita mnada. Kuhusu viongozi alikuwa akisema, "Mkubwa wa nchi ni kama baba wa nyumba. Baba akikosea huambiwa chumbani, hapigiwi kelele dirishani." Kinyozi, rafiki yake na mpinzani wake wa kila siku, alimuuliza, "Na akishajifungia chumbani na ufunguo?" Marehemu alimjibu, "Wewe nyoa."

Magazeti alikuwa na kesi nayo. Aliyanunua kila siku na kuyasoma kwa kioo jichoni, akitafuta makosa. Habari yoyote aliipiga maswali mawili: "Nani kasema? Alikuwepo?" Vita vya mpakani vilipoanza mwanzoni mwa mwaka 1993, ukali wake uliongezeka. Alisema vita si mpira, huwezi kutangaza mabao mechi ikiendelea. Alisema adui naye ananunua gazeti. Alisema mwandishi yuko hotelini anakula mayai, halafu anaandika kwamba risasi zinampita masikioni. Mara nyingine alikuwa sahihi. Mwezi Machi gazeti moja lilichapisha picha kubwa ya daraja lililobomolewa, na siku mbili baadaye likakiri, kwa herufi ndogo za kuokotwa kwa kibano, chini ya matangazo ya viwanja: "Picha iliyotolewa hapa juzi haikuwa sahihi." Ilikuwa ya vita vya watu wengine. Marehemu alikata kipande kile, akakibandika kwenye kioo cha dirisha la duka, na aliyepita aliitwa aje asome.

Kinyozi alimwambia, "Lakini si wamekiri wenyewe?"

"Wamekiri kwa sauti ya mbu!"

Gazeti lile ndilo alilofanyia kazi binti yake wa kwanza, dada yetu mkubwa.

Macho ya marehemu yalianza kufifia mwaka 2019, na mwaka 2022 madaktari walikuta figo zimechoka. Miaka yake ya mwisho dada alimsomea magazeti kila jioni, na yale maswali mawili hayakukoma. Siku moja dada alimuuliza kama bado anaona magazeti ni ya uongo. Marehemu alijibu, "Gazeti nililitilia shaka, na hapo sikukosea. Redio sikuiuliza hata swali moja." Alilazwa tarehe 28 Mei 2024 na akafariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, watoto wake wawili wakiwa kando ya kitanda chake. Alikuwa na miaka 86.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, dada yake mdogo, na rafiki yake kinyozi, ambaye leo asubuhi alimnyoa ndevu kwa mara ya mwisho na hakutaka mtu mwingine aguse. Aliagiza pia tumtaje hapa jirani yetu mshonaji, mama ambaye cherehani yake imekuwa ikisikika ng'ambo ya barabara tangu sisi ni wadogo. Yuko nasi, ameketi mstari wa mbele. Tumemsomea nyumbani kwake yote yanayofuata kabla ya kuyachapisha. Alisema, "Someni. Ndivyo ilivyokuwa."

Mama mshonaji alikuwa na mtoto mmoja. Kwa urefu na wembamba wake mtaa ulimpa jina la Sindano. Alijiunga na jeshi mwaka 1991, na kabla ya kuondoka alipita dukani na saa ya mkononi aliyoachiwa na babu yake. Marehemu aliisafisha, akaifunga, akamwambia, "Nenda ukatufikishie saa sahihi huko." Kila Jumatatu mama mshonaji alivuka barabara na saa yake ya ukutani kifuani kama mtoto mchanga, ili marehemu airekebishe. Alimwamini marehemu kama alivyoiamini ile saa.

Mwezi wa saba mwaka 1993 dada alikuja nyumbani saa kumi na mbili jioni, kabla ya muda wake wa kawaida. Kulikuwa na mapigano kwenye kilima kimoja mpakani. Kesho yake gazeti lake lingetoa majina ya waliokufa, na jina la Sindano lilikuwemo. Alitaka mama mshonaji aambiwe na mtu, asisomewe sokoni. Marehemu alisimama mlangoni.

"Nani kasema?"

"Nesi wa jeshi aliyekuwa kule kilimani, baba. Alimfumba macho mwenyewe."

"Ana jina?"

"Ana jina. Nikilitaja atafukuzwa kazi."

"Basi hana jina. Na wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Redio imesema vijana wote wamerudi kambini salama. Nimesikia kwa masikio yangu. Hapiti mtu hapa kwenda kumliza mama wa watu kwa sababu ya nesi asiye na jina."

Dada hakuvuka barabara jioni ile. Asubuhi gazeti likatoka. Kufikia saa nne uani kwa mama mshonaji kulikuwa na mikeka, viti vya kuazima na wanawake waliokuwa wakilia, na yeye mwenyewe ameketi katikati, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Marehemu aliwaacha watu walie mpaka saa saba ikakaribia. Kisha akaingia uani na redio mkononi, akaiweka juu ya cherehani. Milio ya saa ikasikika, na baada yake taarifa: hakuna askari aliyepoteza maisha, wananchi wapuuze uzushi wa magazeti.

"Mama, umesikia," alisema. "Redio hii haijanipotezea hata sekunde moja tangu niinunue. Iliyosema saa kweli itasemaje uongo kuhusu mtoto wako? Futa machozi. Mwanao yuko hai."

Mama mshonaji alimtazama. "Fundi, una hakika?"

"Kama nilivyo na hakika ni saa saba."

Akacheka, huku machozi yakimtoka. Wanawake wakakunja mikeka. Marehemu mwenyewe alihesabia watu viti vya kurudisha. Dada yetu alikuwa amesimama kwenye lango, na baba akamnyooshea kidole mbele ya majirani: "Huyu hapa. Anauza vilio. Nimesomesha mtu aje auze vilio vya jirani yangu!"

Dada alifunga begi lake siku hiyohiyo akahamia kwa mama mdogo. Mama yetu alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi hakumsemesha marehemu. Kipande cha masahihisho kikaendelea kuning'inia kwenye kioo. Ng'ambo, mama mshonaji alianza kushona shati jeupe la Sindano la kurudia nyumbani. Alivuka mara kwa mara kumwonyesha marehemu. Kola aliibadilisha, ya kwanza aliiona kubwa mno kwa shingo nyembamba kama ile. Wiki ya mwisho ya Agosti alivaa gauni la maua kwenye harusi ya binti wa mwenye duka la madaftari, akacheza mpaka watu wakampigia makofi. Marehemu alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Hapo ndipo tunafika tarehe 2 Septemba 1993, siku ya mawingu bila mvua. Askari wawili wenye vyeo waliingia dukani mchana, wakauliza nyumba ya mama mshonaji ni ipi. Mmoja alibeba begi la kijani. Marehemu aliuliza kuna nini, kwa sauti ambayo kinyozi anasema hakuwahi kuisikia kwake. Mwenye cheo kikubwa akasema wameleta vitu vya kijana wake.

"Nani kasema ni vya kwake?" marehemu aliuliza. "Kuna makosa hutokea. Majina hufanana."

Yule askari hakubishana. Alitoa bahasha kwenye begi, akaimimina juu ya meza: kitambulisho, na saa ya mkononi. Marehemu alikibana kioo jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Alikuta mistari miwili na nukta.

"Amezikwa lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwezi wa saba, mzee. Siku ileile ya mapigano, pale kilimani."

Ilikuwa tarehe iliyoandikwa gazetini. Marehemu aliwavusha barabara mwenyewe. Angeweza kuwaonyesha nyumba kwa kidole, na alikiri baadaye kwamba alitamani kufanya hivyo. Mama mshonaji aliwaona wakija, akasimamisha cherehani. Shati lilikuwa chini ya sindano. Askari walisema waliyotumwa kusema. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha hakuwageukia wao.

"Fundi," alisema, "mimi nilikuwa nabadilisha kola."

Mama mshonaji akaendelea, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu.

"Mwanangu yuko ardhini, mimi nacheza harusini na gauni la maua. Na wewe unanipigia makofi."

Mikeka ikarudi uani. Viti vilevile vikaazimwa tena, na safari hii waliolia walilia pia kwa aibu, kwa sababu wote walikuwa wamevirudisha mara ya kwanza. Dada alikuja jioni, akaingia jikoni, akawasha moto wa chai bila kumtazama baba yake. Marehemu alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na lango. Kinyozi alikuja kukaa karibu naye na hakufanya mzaha wowote. Marehemu alituambia kwamba hilo lilimuuma kuliko matusi, kwa sababu alijua mzaha wenyewe ungekuwa upi. Saa moja jioni mtu mmoja alifungua redio nyumba ya tatu. Ilitangaza saa, kwa usahihi, ikatoa bei za mazao, ikapiga muziki. Haikusema lolote kuhusu kilima, wala haijasema mpaka leo.

Hakubadili chama baada ya hapo, wala hakuacha kuyagombeza magazeti. Hatutaki mwondoke mkidhani aligeuka mtu mwingine. Ila Jumatatu iliyofuata na kila Jumatatu hadi macho yalipomwishia, ni yeye aliyevuka barabara kwenda kuirekebisha ile saa ya ukutani, nayo ikapelekwa dukani kwake tena pale tu ilipohitaji springi mpya. Mama mshonaji hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe. Marehemu hakuwahi kumwomba aseme. Siku nyingine alipewa chai, siku nyingine hakupewa.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba marehemu alifika dukani kabla ya kinyozi. Mawingu yalikuwa yametawanyika. Hakuwasha redio. Alichukua kopo la rangi nyeusi na brashi ya kuandikia mabango, na chini ya kile kipande cha gazeti, kwenye kioo kinachotazama barabara, akaandika kwa herufi ambazo mtu aliye upande wa pili kwenye cherehani angeweza kuzisoma bila kusimama:

HABARI ILIYOTOLEWA HAPA MWEZI WA SABA KUHUSU MTOTO WA MAMA MSHONAJI HAIKUWA SAHIHI.

Akatoa kiti nje, akaketi kando ya maandishi yake, uso barabarani. Watu walikuwa wakienda kazini. Walisoma, wakamtazama, naye alijilazimisha asiinamishe kichwa. Kinyozi alifika, akasoma, akafungua duka lake. Kisha akaja dada yetu, akitokea ng'ambo, kanga ikiwa na majivu ya jikoni. Alisoma kama anavyosoma mtu ambaye kusoma ni kazi yake. Akarudia tena mwanzo.

"Nani aliitoa, baba?" aliuliza.

Marehemu akainuka, akachovya brashi kwenye rangi, na chini ya maandishi yale, kwa herufi kubwa kuliko zote zilizotangulia, akaongeza: NILIITOA MIMI. SIKUWEPO.

Habari iliyotolewa hapa leo ni sahihi, baba. Pumzika.